Kuku wa Kofia wa Kamanda

Hakuna juma linalopita bila kijana kunijia na daftari mkononi. "Mama Odeta, tuambie siri ya kuku wa kofia." Nawajibu kwamba siri haipo, wanaondoka wamenuna, wakidhani nawanyima. Nimepika miaka thelathini na mmoja hapa Bunia. Sasa magoti yamekataa kusimama mbele ya moto, basi nimekaa, na kwa kuwa mnazidi kuuliza nitawaelezea yote mara moja, pamoja na ile Jumamosi ya vita niliyompika kuku huyo nyumbani kwangu huku natetemeka. Mengi ninayowafundisha nilijifunza siku ile.

Kwanza mjue chakula chenyewe. Ni nyama ya kuku iliyotolewa mifupa, ndani ya mchuzi mzito wa karoti, kitunguu na njegere, na juu yake vijimkate vya mviringo, vilaini ndani, vyekundu kidogo juu, vinavyoiva palepale juu ya mchuzi. Si mkate, si keki, si mandazi. Masista niliowapikia walikuwa na jina lake la kwao, refu, la kukwama kooni. Muzee Ramazani, mpishi mkuu wa nyumba ile, alilisikia mara moja akatikisa kichwa. "Hii ni kuku iko na kofia," akasema. Toka siku hiyo hata masista waliita hivyo.

Huyu Muzee Ramazani ndiye aliyenifundisha kazi. Alizaliwa Kilo, kule kwenye machimbo ya dhahabu, na baba yake aliwapikia wakubwa wa machimbo. Wenzake walishuka shimoni, yeye aliingia jikoni, na mtoto akafuata. Alikuwa Mwislamu aliyewapikia masista Wakatoliki, na nyama ya nguruwe aliikaanga miaka yote bila kuionja hata mara moja. Chumvi yake aliijua kwa kunusa mvuke. Nilicheka nilipoambiwa hivyo. Halafu nikamwona akifunua sufuria, akainamisha pua, akasema "bado kidogo", na ilikuwa bado kidogo kweli.

Kosa langu la kwanza mlisikie ili msilirudie. Nilipopewa kutengeneza kofia kwa mara ya kwanza, niliukanda unga kama wa mkate, kwa nguvu zote za msichana anayetaka kusifiwa. Siku hiyo kulikuwa na wageni mezani. Sista mkubwa alichukua kijiko, akagonga kofia moja: ko, ko, ko. Akanitazama akasema, "Odeta, naweza kuingia?" Wageni walicheka hadi machozi. Mimi nilikimbilia nyuma ya jikoni nikalia kweli.

Muzee alinifuata, wala hakunibembeleza. "Unga ya mukate inapenda kupigwa," akaniambia. "Unga ya kofia inapenda kuachwa. Uishike kama vile unashika kitu ya mwenyewe, unataka kuirudisha."

Basi ni hivi. Siagi iwe baridi, uivunjevunje ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ifanane na mchanga. Kama mikono yako ni ya moto, iloweshe kwenye maji ya mtungi kwanza, uifute. Maziwa yaliyoganda unayamwaga mara moja, unakoroga kwa uma, na mara unga unaposhikana unaacha, hata kama unaonekana mbaya. Ukiuona mzuri, ujue umeshachelewa. Unakata kwa mdomo wa glasi, kwenda chini moja kwa moja bila kuzungusha, maana ukizungusha unaziba ukingo na kofia hainyanyuki. Na mchuzi uwe unachemka wakati unapoweka kofia juu. Mchuzi wa baridi utakupa kofia nzuri juu na uji mbichi chini. Nimeona wapishi wenye diploma wakifanya kosa hilo.

Vita ilipoingia mjini, masista waliondoka kwa ndege na nyumba yao ikavunjwa. Nilipita siku ya pili nikaona watu wanne wamebeba furu, lile jiko kubwa la chuma la kuokea, wanalikokota barabarani wakigombana nani ashike wapi. Zito kama ng'ombe. Sijui walilifanyia nini. Halikuwa na mlango, mlango ulibebwa na mtu mwingine aliyetangulia. Nilikuwa nimeshikwa na huzuni, lakini kwa hilo nilicheka peke yangu mpaka nikaogopa watanisikia. Muzee Ramazani alikuwa amekimbilia Mahagi kwa binti yake. Nilikuja kupata habari zake baadaye sana: alikuwa mzima, analalamikia samaki wa kila siku.

Nikabaki nyumbani Nyakasanza na mume wangu Faustin, fundi wa mashine za umeme, na mama yake, Mama Rozalia. Mama mukwe alikuja kwetu kutoka Aveba kwa miguu, na nguo aliyovaa, baada ya nyumba yake kuchomwa. Watu waliochoma aliwajua kwa sura. Alikuwa hasemi mengi juu ya hayo. Alikaa mlangoni akichambua maharagwe, hata kama maharagwe yamekwisha kuchambuliwa.

Nilikuwa na mbabula moja, jiko dogo la makaa, na sufuria nzito ya chuma ambayo sista mkubwa alinipa siku ya kuondoka. Hapo ndipo nilipojifunza kuoka bila furu: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Mara ya kwanza nilisawazisha, kumi chini kumi juu, mchuzi ukaungua na kofia zikabaki nyeupe kama sanda. Mama mukwe aliangalia yale makaa juu ya kifuniko akasema, "Toka nizaliwe, moto inakaaka chini ya chakula. Weye unaiweka kichwani, halafu unashangaa?" Hakukubali kuonja. Alisema chakula kilichopikwa kichwa chini kitamgeuza tumbo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Jumanne moja watu wenye bunduki walikuja wakamchukua Faustin. Walisema alitengeneza mashine ya umeme ya maadui. Ilikuwa kweli alitengeneza mashine. Alitengeneza mashine ya kila mtu aliyemletea mashine. Kundi gani lilikuwa hilo sitalitaja. Mji ule ulibadilisha wenyewe mara nyingi, na wote walikamata watu kwa njia ileile.

Kesho yake nilimpelekea chakula kwenye nyumba walikowafungia watu, karibu na soko. Mlinzi alichukua bakuli akala yeye, mbele yangu, bila haraka. Nilikuwa nimesimama pale sijui nirudi au nibaki, kamanda wao akatoka. Mtu mwembamba, miwani, viatu safi. Akanitazama kwa muda.

"Mimi nakufahamu," akasema. "Weye ni mupishi wa masista."

Nikasema ndiyo.

"Nilikuwa mwalimu wa hesabu. Tulikuja kwa semina, tulikula kule. Kulikuwa kuku, juu yake vimkate."

"Kuku wa kofia," nikasema.

Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu anayekumbuka kwao. Nikapata ujasiri. "Patron, mume wangu ni fundi tu. Yeye anafuata mashine, hafuati watu."

Alivua miwani akaifuta. "Siku ya posho niko na wageni wakubwa. Midi juste, saa sita kamili, ulete ile kuku hapa. Watu kumi. Ikiwa nzuri, tutaongea mambo ya bwana yako."

"Na ikiwa mbaya?"

Aliangalia saa yake, kisha akaingia ndani. Siku ya posho ndiyo Jumamosi kwetu. Nilikuwa na siku tatu.

Ijumaa askari wake waliniletea kuku watatu wazima na mfuko wa unga wa ngano. Unga ulikuwa na wadudu, nikauchekecha mara nne. Kuku wawili walikuwa vijana, wa tatu alikuwa bibi kizee, miguu yake kama mizizi. Levire ya kuumulia haikupatikana mji mzima. Maduka yalikuwa matupu, milango inapigapiga kwa upepo. Nilizunguka nyumba sita. Mwishowe jirani yetu Mama Salama akakumbuka kwamba mume wake anakunywa bikabonati kwa ajili ya tumbo.

"Akiniuliza nitamuambia nini?" akasema.

"Mwambie imeenda kumtoa Faustin."

Alinimiminia karibu yote kwenye karatasi. Mjue hili: kama huna levire, bikabonati na maziwa yaliyoganda vinatosha. Vikikutana vinachemka, ndivyo vinavyonyanyua kofia. Lakini usiweke nyingi, utapata ladha ya sabuni. Na mara ukichanganya, upeleke motoni palepale, haikungoji.

Jioni tulinyonyoa kuku, mimi na mama mukwe, uwanjani. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Aveba kuko majani moja. Inamea hapa pia, nyuma ya choo ya Mama Salama. Mutu anakula, anasikia tamu, kesho hapana kuamka."

Mikono yangu ilisimama. Siwezi kuwaficha, wajukuu: kwa muda wa pumzi mbili nilifikiri.

"Mama," nikasema, "na kama watamuonjesha Faustin kwanza?"

Aling'oa manyoya mengine, mengi kwa mara moja. "Hiyo sikuifikiria," akasema. Hatukuzungumza tena juu ya majani.

Jumamosi niliamka alfajiri. Yule kuku bibi nilimtanguliza peke yake motoni na vitunguu, saa tatu nzima, wale vijana wakafuata. Kuku mzee hana aibu kama una muda. Ladha yake inawapita watoto. Nilitoa mifupa, nikafanya mchuzi kwa siagi na unga na ile supu, nikaonja, nikaonja tena. Ulimi ulikuwa mkavu kwa hofu, sikusikia chumvi wala nini. Ikabidi niinamishe pua juu ya mvuke kama Muzee. Nikamsikia kabisa akisema bado kidogo. Nikaongeza.

Kama saa tano hivi nilipanga kofia juu ya mchuzi unaochemka, zikagusana mabega. Nikafunika. Nikapanga makaa juu ya kifuniko, moja moja. Nikasema: dakika ishirini, kisha nanawa uso, nafunga kilemba, natoka.

Hazijapita tano, risasi zikalia.

Kwanza mbali, upande wa uwanja wa ndege, kisha karibu, kisha kila mahali. Mama mukwe alinivuta ndani, tukaingia chini ya kitanda, tukalala kifudifudi kwenye saruji. Bati la nyumba lilikuwa linatetemeka. Mabomu mawili yalianguka, sijui wapi, na vumbi likatuangukia kutoka darini. Mama mukwe alikuwa anasali Salamu Maria na kila mara anaruka katikati, anarudia mwanzo.

Na mimi, mbele ya Mungu, nilikuwa nahesabu dakika za kofia.

Mnaweza kucheka. Lakini sikujua nani anashinda kule nje. Kama ni kamanda wangu, jioni atataka kuku wake, na Faustin yuko mikononi mwake. Dakika ishirini zikapita. Kisha ikaingia harufu chini ya mlango, kwanza tamu, ile ya siagi na unga unaopata rangi. Kisha nyuma yake kitu kikali. Mpishi hahitaji kuambiwa. Nikaanza kutambaa.

Mama mukwe alinikamata mguu. "Unaenda wapi?"

"Inaungua."

"Uache iungue! Una wazimu?"

"Mama, hiyo ni Faustin iko kwenye sufuria!"

Akaniacha. Nilitambaa kwa tumbo mpaka jikoni, kibanda chetu cha mabati nyuma ya nyumba, hatua nane ambazo siku nyingine sizihesabu. Risasi moja ilipita kwenye bati juu yangu, ting, ikaacha tundu la jua. Nililala chini, nikachukua mwiko, nikasukuma makaa kutoka kwenye kifuniko, yakaanguka chini karibu na uso wangu. Nikavuta sufuria kwa kanga yangu hadi ikashuka kutoka kwenye mbabula. Nimebaki na alama hapa kwenye kiwiko. Kisha nikarudi nilikotoka, kinyumenyume, maana kugeuka niliogopa.

Sijui ilichukua muda gani. Milio ikapungua, ikasogea kwenye barabara ya Mahagi, ikaisha. Tukasikia magari mengi yakipita kwa kasi, halafu kimya. Halafu jogoo wa jirani, mmoja tu aliyekuwa amebaki mtaani, akaanza kuwika.

Mama Salama akaita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Mama Odeta! Muko bazima?"

"Tuko! Nani ameshinda?"

"Wale bengine! Kamanda yako amekimbia!"

Mngedhani nilifurahi. Nilikaa chini. Wanapokimbia, watu hao, wafungwa wao huwafanyia nini? Kila mtu Bunia alijua jibu. Nilifunga kilemba, nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikaibeba kichwani. Nilifikiri: nitafika kule, yeyote nitakayemkuta mlangoni nitampa chakula aniruhusu kuingia, hata kama ni kuchukua mwili. Mama mukwe alisimama mlangoni na mikono ameitanua.

"Hautoki," akasema. "Nilishapoteza nyumba. Nilishapoteza, basi."

"Nipishe, mama."

"Hapana."

Tulikuwa tunasukumana hivyo, mimi na sufuria kichwani, tukasikia mtu nyuma ya jikoni. Kisha sauti.

"Odeta? Kitu gani inaungua hapa?"

Faustin. Kiatu kimoja, shati limechanika, uso umevimba upande mmoja, lakini amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Mama yake alipiga kelele, akajiziba mdomo kwa mkono. Mimi nilishusha sufuria taratibu kabisa, kama mtu aliyebeba mayai, nikaiweka chini, ndipo nikamkimbilia. Mpaka leo ananidhihaki kwamba nilishusha kuku kwanza.

Walinzi walikuwa wameacha mlango na kukimbia risasi zilipoanza, akatuambia. Hawakupata hata muda wa kufunga viatu. Kisha akageuka nyuma. "Ingia, kaka. Ingia, hapa ni kwangu."

Mwanaume mwingine alitokea kwenye kona ya jikoni. Kijana wa miaka kama ishirini na mitano, amekonda, ameshika mkono wake wa kushoto kama wa kuazima. Hakutaka kuvuka kizingiti.

"Anaitwa Janvier," Faustin akasema. "Ni mushonaji. Tulilala chumba moja. Usiku alikuwa ananipatia blanketi yake."

Mama mukwe alimtazama. Alimtazama kuanzia miguu kwenda juu.

"Uko mutoto ya wapi?" akamuuliza.

Kijana alijua anaulizwa nini. Angeweza kudanganya. "Ya Bule, mama," akasema.

Watu waliochoma nyumba ya mama mukwe walikuwa watu wa kwao kijana huyu, na yeye alilisoma hilo usoni mwa mama kabla hajaingia, na sisi tulijua kwamba nje, kwenye mtaa wetu siku ile, hangefika kona ya pili. Faustin alifungua mdomo, mama yake akainua kidole, naye akaufunga.

"Odeta," mama mukwe akasema, "funua hiyo kitu yako."

Nilifunua. Kofia za katikati zilikuwa nyeusi kama makaa yenyewe, lakini za pembeni zilikuwa sawa, zimenyanyuka. Chukueni hili pia, kwa maana litawapata siku moja: kofia iliyoungua juu usiipigepige wala kuikwaruza, itamwaga majivu kwenye mchuzi. Pitisha kisu chini yake, inyanyue nzima. Mchuzi ulio chini haujui kilichotokea juu.

Mama mukwe alininyang'anya kijiko. Alijaza sahani ya kwanza mwenyewe, nyama nyingi, karoti, na juu yake akachagua kofia mbili nzuri kuliko zote. Nilidhani ni ya mtoto wake. Alimpita Faustin, akaenda mpaka kizingitini, akaiweka mikononi mwa yule kijana.

"Hapana kula umesimama," akamwambia. "Keti."

Sisi wanne tulikula chakula cha watu kumi, na Mama Salama tukampitishia bakuli juu ya ukuta. Mama mukwe alionja, akajiongezea. Zilisikika sahani tu. Mimi sikusikia ladha mpaka sahani ya pili, ndipo ulimi wangu uliponirudia, na chumvi ilikuwa sawa.

Faustin alilala palepale kwenye mkeka, mchana kweupe, kabla sijamaliza kukusanya vyombo. Janvier naye alijiegemeza ukutani kwa adabu, akajitahidi kuweka macho wazi, kichwa kikaanguka begani kwa Faustin. Nilitaka kuwaamsha wanawe mikono. Mama mukwe alinizuia. Alifungua kitenge chake cha pekee, kile alichotoka nacho Aveba, akawafunika wote wawili, akakivutavuta mpaka kikafika kwenye ule mkono mgonjwa.

"Funga mulango polepole," akaninong'oneza. "Batoto banalala."